Kangomba

Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, kwa vipimo vya bakuli au kwa fedha inayotolewa kabla ya mavuno. Bei yake huwa chini ya ile ya mnada. Unafahamika katika mikoa ya kusini mwa Tanzania, zikiwemo wilaya za Ruangwa na Nachingwea.

Msimu na mahitaji

Mkorosho huanza kuzaa ukiwa na takriban miaka mitatu. Mavuno huanza Oktoba, lakini gharama hutangulia: kupalilia, kisha kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Fedha za msimu uliopita zikiisha, homa ya mtoto au mahitaji ya shule humfikisha mkulima kwa mnunuzi wa kangomba. Kumwita mkulima huyo mtu asiye na subira ni kumwonea, kwani mgonjwa hangoji mnada.

Stakabadhi ghalani

Mfumo rasmi, wa stakabadhi ghalani, ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008. Mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi (AMCOS), korosho hukusanywa kwenye ghala kuu, wanunuzi hushindana mnadani, na malipo hupitia benki. Chama kikuu cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale ni RUNALI. Mkulima anayevumilia hupata bei ya ushindani.

Uvumilivu huo ulijaribiwa vikali mwaka 2018. Wakulima walikataa bei za minada, na mwezi Novemba Rais John Magufuli aliagiza Serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisomba mzigo. Uhakiki uliolenga kuwabaini wanunuzi wa kangomba ulifuata, na wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi.

Uhusiano na afya

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Mchango unaolipwa wakati wa mauzo huilinda kaya, na korosho zake, katika miezi ya ukata. Hata matibabu ya bure yana gharama zake: dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida huchukua miezi sita, hutolewa bure. Lakini nauli ya kuzifuata hulipwa na mgonjwa, na hitaji kama hilo nalo linaweza kumfikisha kwa mnunuzi wa kangomba.

Hali ya sasa

Kangomba imepigwa marufuku. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho huendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).