Buswelu na Majirani Wetu wa Kambini: Namna Kina Mama Tulivyopata Mahali pa Kukaa

Awali ya yote nawashukuru wanakikundi wenzangu kwa kunipa nafasi hii katika kijitabu chetu cha miaka kumi. Katibu ameshaandika habari za hisa na mikopo, na Mhasibu ameweka hesabu zake. Mimi nimeombwa niandike historia. Elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nitaandika kama tunavyoongea siku ya Jumamosi tukishafunga sanduku.

Nimechagua habari ya makazi. Sababu yake mnaijua. Mkutano mkuu wa mwaka huu una ajenda moja nzito: kikundi kinunue kiwanja wapi? Tumeletewa mashamba mawili. Moja liko huku juu Buswelu, bei yake inauma. Lingine ni la bei poa kabisa, lakini linapakana na eneo la jeshi. Wengine wanasema tuchukue la bei poa, kwani kukaa jirani na askari ni usalama mtupu. Wengine wanasema hapana. Kabla hatujapiga kura, naona ni vizuri tukumbushane tulikotoka.

Hapa kwetu ziwani tumezoea kuona ndege za jeshi. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko huku huku Ilemela, na Jeshi la Anga lina kambi yake pale. Lakini haikuwa hivyo tangu zamani. Wakati nchi inapata uhuru mwaka 1961, askari tuliorithi kwa Mwingereza, wale wazee wetu waliowaita keya, walikuwa batalioni mbili tu, moja Dar es Salaam na nyingine Tabora. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na wa Tabora wakafuata. Serikali ikalivunja jeshi lile. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, na vijana wengi wakatoka Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanza mwaka 1963. Kambi ya Colito nayo ikabadilishwa jina ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Mkwawa aliwapiga Wajerumani mwaka 1891. Basi jeshi likaitwa la wananchi, na kambi zikaongezeka mikoani. Ndiyo maana leo askari ni majirani zetu, watoto wao wanasoma na wetu, na wake zao wanaweka hisa na sisi.

Sasa nije kwa sisi wenyewe. Mama zetu hawakuchagua mahali pa kukaa. Msukuma wa zamani alijenga kwenye shamba lake, mji na mji mbali mbali, ng'ombe katikati. Mwezi Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Mkoa wa Mwanza operesheni ilipamba moto mwaka 1974. Watu walionyeshwa sehemu ya kujenga, wakaambiwa jenga hapa. Mama yangu mzazi alikuwa akisema aliacha mihogo ardhini ikiwa bado haijakomaa. Kuna faida zilizopatikana, shule zikawa karibu na zahanati zikaja, hilo hatukatai. Ila neno "kuchagua" halikuwepo, na kwa mwanamke ndiyo kabisa. Mume ndiye aliyeandikwa.

Kisha vikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo vyote. Jeshi letu kabla ya hapo halikufika watu 40,000. Likapanda hadi zaidi ya 150,000, na kama 40,000 kati yao walikuwa mgambo. Hao mgambo walikuwa ni kaka zetu na baba zetu, waliacha pamba shambani wakaenda. Mwanza ikawa mji wa nyuma ya mapigano: ndege, mafuta na majeruhi vilipita hapa. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka tulikatazwa kuwasha kibatari nje, na mtoto aliyesahau alichapwa.

Na hapa ndipo tulipojifunza kwamba kukaa karibu na mitambo ya jeshi kuna pande mbili. Mwezi Machi 1979 ndege ya Libya, aina ya Tupolev, ilikuja kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosea shabaha. Bomu likaanguka kisiwani Saanane, kwenye hifadhi ya wanyama, likaua swala kadhaa. Watu walicheka baadaye, eti Gaddafi amepigana na swala. Lakini hebu fikirini kama lingeangukia Mjini Kati au Kirumba. Adui hakuja Mwanza kwa sababu ya sato wetu. Alikuja kwa sababu ya mafuta na ndege. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na hofu ile ikaisha.

Baada ya vita maisha yalikuwa magumu, sabuni kwa foleni, kanga kwa foleni. Ni wakati huo wanawake wengi wa rika la dada zangu wakubwa waliposogea karibu na makambi. Hawa ni kizazi cha pili. Wengine waliolewa na askari wakawafuata. Wengine waliona penye mshahara wa mwisho wa mwezi hapakosi mteja wa dagaa, michembe na mchicha. Tusiwabeze. Mama lishe anayeuza uji mahali ambapo watu wanaamka saa kumi alfajiri ana hakika ya kumaliza sufuria. Vyumba vinapangika. Wezi wanaogopa kidogo. Na hospitali za jeshi, kama Lugalo kule Dar es Salaam, zinatibu na raia.

Lakini jirani huyu ana tabia yake. Kwanza, anahama. Askari akipata uhamisho leo, kesho kutwa mke anafunga virago. Miaka miwili ya mwanzo wa kikundi chetu tulihangaika sana na jambo hili. Mama ana mkopo wa miezi mitatu, shemeji kapelekwa Mtwara. Ndipo tukatunga kanuni ya kumi na moja: mwanachama mwenye mume mwajiriwa wa kuhamishwa anakuwa na wadhamini watatu badala ya wawili, na hisa zake zinakatwa deni kabla hajaondoka. Wale dada zetu wenyewe ndio waliopendekeza, wala hawakulazimishwa. Leo tuna wanachama watatu waliohama na wamemaliza madeni yao kwa simu.

Pili, kazi ya jirani huyu ina msiba ndani yake. Tarehe 7 Desemba 2017 walinda amani wetu 14 waliuawa Semuliki, Kivu ya Kaskazini, huko Kongo. Sisi hatukufiwa moja kwa moja, namshukuru Mungu, lakini siku ile tulikuwa na wanachama ambao waume zao walikuwa nje ya nchi. Simu hazipatikani. Tuliketi nao mpaka usiku. Wiki iliyofuata tukaongeza mchango wa mfuko wa jamii kutoka shilingi 500 hadi 1,000, na hakuna hata mmoja aliyenung'unika.

Tatu, ghala la silaha ni ghala la silaha hata wakati wa amani. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu yalilipuka yenyewe katika kambi ya Mbagala, Dar es Salaam. Tarehe 16 Februari 2011 ikawa Gongo la Mboto. Kila mahali walikufa watu zaidi ya 20, na nyumba nyingi zikabomoka. Gongo la Mboto maelfu ya watu walikimbia usiku, watoto wakapoteana na wazazi wao. Wale hawakuwa na vita na mtu. Ukiuliza wazee wa Dar watakuambia, kambi zile zilijengwa wakati pembeni ni mapori na mikorosho. Mji ndio uliosogea ukaifuata kambi, kwa sababu viwanja vya pale vilikuwa bei poa. Neno hilo "bei poa" ndilo lililonifanya niandike habari hii.

Sasa tuangalie Buswelu yetu. Zamani ukisema unaishi Buswelu watu wa mjini wanakucheka, wanakuuliza kama kuna fisi. Ilikuwa mawe, mihogo na njia ya ng'ombe. Mwanza ikawa Jiji mwaka 2000, lakini huku tuliendelea kuchota visimani. Mwaka 2012 Ilemela ikapata Manispaa yake, na makao makuu yakawekwa hapa Buswelu. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Ofisi zikaja, barabara ya kutoka Sabasaba kupitia Kiseke ikatiwa lami, daladala zikaongezeka, na bei ya kiwanja ikapanda kila msimu. Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 na wanawake 18, hisa moja shilingi 2,000. Leo tuko 41.

Nataka vijana waelewe kitu kimoja. Katika hao 41, wanachama 13 wamejenga au wamenunua kiwanja kwa mikopo ya kikundi, na 9 kati yao hati au mkataba una jina la mwanamke mwenyewe au majina yote mawili. Hiki ndicho kizazi cha tatu, na ni cha kwanza kuchagua. Sheria ya Ardhi namba 4 ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Mama zetu waliohamishwa mwaka 1974 hawakuwa na karatasi ya kuonyesha. Sisi tunayo, tuitumie.

Kwa hiyo, ndugu wanakikundi, maoni yangu kama Mwenyekiti ni haya, nanyi mnaweza kuyapinga kwa kura. Kuishi mji mmoja na kambi si vibaya. Tumefaidika, na askari ni watoto wetu. Biashara tufanye nao, vyumba tuwapangishe. Ila kupakana na ua wa kambi ni jambo lingine. Ardhi ya nchi hii yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na ardhi iliyotengwa kwa ulinzi haiuzwi na mtu wa mtaani hata akija na mashahidi kumi. Aliyetuletea shamba lile la bei poa tulimwomba mambo matatu: barua ya mtaa, ramani ya mipango miji, na twende naye ofisi ya ardhi ya Manispaa tukaangalie mawe ya mpaka. Mpaka naandika haya ni mwezi wa pili, bado anasema wiki ijayo. Fedha iliyopo sandukuni ni jasho la miaka kumi. Kuna humo ya mama aliyeuza maandazi akiwa na mimba ya miezi minane.

Napendekeza tuchukue la Buswelu, hata kama itabidi tuchangishane miezi sita zaidi, na tupime kabla ya kulipa senti. Anayeona vinginevyo aje na hoja mkutanoni, tutamsikiliza.

Waliotangulia mbele ya haki Mungu awapumzishe. Hongereni kwa miaka kumi.

Wenu katika maendeleo,
Mwenyekiti wa Kikundi, Buswelu