Kutoka Liboi hadi Kanada: Lugha, Majina na Vibali katika Safari ya Mwanafunzi

Liboi ni mji mdogo wa Kaunti ya Garissa, katika njia itokayo Garissa kupitia Dadaab, ikavuka mpaka hadi Dhobley na kuendelea mpaka Kismayu. Katika historia ya elimu ya juu ya Afrika Mashariki mji huu hautajwi, wala si ajabu. Ndege iliyoandaliwa na Tom Mboya na wenzake ilipowachukua vijana 81 kwenda kusoma Marekani mwezi Septemba 1959, eneo lote la kaskazini lilikuwa bado limefungwa kwa sheria mbili za kikoloni: ile ya 1902 iliyozuia wageni kuingia bila kibali, na ile ya 1934 iliyobana nyendo za wenyeji wenyewe. Uhuru haukulifungua. Mwezi Desemba 1963 ilitangazwa hali ya hatari, na mamlaka yaliyotokana nayo hayakufutwa mpaka 1991. Kwa hiyo kwa mtu wa Liboi kibali lilikuwa neno la kwanza la safari yoyote, iwe ya kwenda mnadani au ya kwenda shule.

Mwaka huohuo wa 1991 watu wengi waliingia Liboi kuliko ilivyowahi kuonekana. Serikali ya Siad Barre ilianguka mwezi Januari, na wakimbizi kutoka Mogadishu, Kismayu na bonde la Juba wakavuka mpaka kwa miguu, kwa mikokoteni na kwa malori. Kambi ikawekwa hapohapo. Kwa kuwa mahali penyewe palikuwa karibu mno na vita, kambi nyingine zikafunguliwa ndani zaidi, kandokando ya Dadaab: Ifo mwaka 1991, kisha Hagadera na Dagahaley mwaka 1992. Zilikusudiwa kuwapokea watu 90,000 kwa muda. Kufikia 2011, mwaka wa ukame mkubwa, waliokuwamo walizidi 400,000. Kambi ya Liboi ilifungwa baadaye, lakini mji ukabaki kuwa mlango.

Tangu hapo wakawako vijana wa aina mbili katika nchi moja kavu. Wote wawili husema Kisomali, huswali pamoja, na pengine ni wa ukoo mmoja. Mmoja ana kadi ya mgao, mwingine ana, au anatafuta, kitambulisho cha Kenya. Hapa lugha yetu iliingia kwa mlango usiotazamiwa. Wasomali waliotoka ng'ambo ya mpaka waliwapa Wasomali wa Kenya jina la *sijui*. Inasemekana chanzo chake ni jibu ambalo hawa walizoea kulitoa kwa Kiswahili walipoulizwa jambo. Kitenzi kanushi cha nafsi ya kwanza kimegeuzwa kuwa nomino ya kundi la watu, tena nomino yenye kejeli ndani yake: aitwaye sijui ni Msomali ambaye ulimi wake umekwisha kuguswa na serikali nyingine. Mwanaleksikografia hana budi kulisajili neno hili, ijapokuwa halitawapendeza wote wanaohusika.

Kejeli hiyo haikudumu bila malipo. Wazazi wa wakimbizi walikuwa watu wa mapinduzi ya lugha. Mwaka 1972 Somalia iliamua kuandika Kisomali kwa hati za Kilatini, na katika miaka iliyofuata shule zikafundisha kwa lugha hiyo hata masomo ya sayansi. Watoto wao, shule za kambi zilipoingia katika mtaala wa Kenya, walikuta Kisomali hakimo. Walikuta Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na Kiswahili, ambacho tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 kilikuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Mtoto wa Hagadera akaketi kuandika karatasi tatu za KCSE: insha, matumizi ya lugha, na fasihi. Akachambua tarbia iliyojaa mitumbwi na pepo za kusi, naye hajaiona bahari. Akajizoeza sauti p, v na z, ambazo hazimo katika Kisomali. Lugha hiyo huita pasipoti *baasaboor*, na mwanafunzi wa mwanzo husema *bole* akikusudia kutoa pole. Alama ya somo hilo iliingia katika jumla ya cheti chake, na cheti kilikuwa mojawapo ya njia za kutoka bila kuvunja sheria.

Maana mkimbizi wa Dadaab hana ruhusa ya kutembea atakavyo. Kwenda Garissa au Nairobi humpasa kuwa na kibali, na Kanada ikawa karibu zaidi kisheria kuliko Mombasa. Shirika la Kanada la Huduma ya Vyuo Vikuu Ulimwenguni, lijulikanalo kwa kifupi WUSC, lilianza mwaka 1978 kuwapokea wanafunzi wakimbizi katika vyuo vikuu vya nchi hiyo, na hadi sasa limewapokea zaidi ya 2,000 kutoka nchi mbalimbali. Sehemu kubwa ya gharama hutoka mifukoni mwa wanafunzi wa Kanada wenyewe, ambao hukubali kukatwa kiasi kidogo pamoja na ada zao. Mwombaji wa Dadaab huhitaji alama nzuri za KCSE, hufanya mtihani wa Kiingereza, kisha huhojiwa. Hupelekwa akiwa mkaazi wa kudumu, jambo linaloitofautisha safari hii na ile ya vijana wa Mboya: wale walipelekwa ili warudi kuijenga nchi, huyu hana nchi ya kurudishwa.

Kungojea matokeo kumezaa neno jingine. *Buufis*, kutokana na kitenzi cha Kisomali chenye maana ya kupuliza au kujaza hewa, ni hamu ya kwenda ng'ambo inayomjaza mtu hadi asiweze kufanya kazi iliyo mbele yake. Mtaalamu Cindy Horst ameliandikia neno hili kwa kirefu. Kiswahili hakina kisawe chake. *Kiu* ni hafifu, na *wazimu* umepita kiasi. Wapo walioshikwa na buufis miaka kumi na zaidi, hasa baada ya Januari 2017, Marekani ilipowafungia Wasomali mlango wakiwa wengine wamekwisha kuuza vyombo vyao. Hata hivyo wengine walipenya kwa njia zao: Asad Hussein, mwandishi aliyezaliwa Dadaab, aliingia Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 2018.

Huko ng'ambo, jambo la kwanza kumgusa mwanafunzi pengine si baridi bali jina lake. Msomali hana jina la ukoo la kuandikia fomu. Ana jina lake, la baba na la babu. Kanada hutaka jina la mwisho, basi babu akawa ukoo, na msichana akaitwa Bibi Fulani kwa jina la mwanamume aliyekufa kabla yeye hajazaliwa. Tahajia nayo ina historia yake. Aliyesajiliwa na karani wa Kenya huwa Abdi au Hassan. Aliyesajiliwa kwa hati ya 1972 huwa Cabdi au Xasan, kwa kuwa katika hati hiyo *c* ni ain na *x* ni ha ya kooni. Ndugu wawili wa tumbo moja huonekana kama watu wasiohusiana, na mhadhiri asomaye orodha darasani huanza Cabdi kwa sauti ya *k*. Siku ya kuzaliwa ni 1 Januari, yake na ya wenzake wengi, kwani ndiyo iliyokuwa rahisi kuandikwa.

Kiingereza chake kilimpitisha mtihani, lakini kilikuwa Kiingereza cha ubao na daftari. Katika semina hupewa alama kwa kumpinga mwalimu, tena mwalimu amwitaye kwa jina lake la kwanza, jambo ambalo si Kisomali wala Kiswahili hulimeza kwa urahisi. Jioni husikiliza simu kutoka kambini: mdogo anahitaji dawa, mjomba anahitaji nauli. Mwanafunzi wa udhamini huhesabiwa nyumbani kuwa mwenye mshahara. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, Kiswahili cha karatasi tatu huwa lugha ya mazungumzo. Wenzake wa udhamini hutoka Kakuma, na Dzaleka nchini Malawi. Miongoni mwao wamo Wakongo na Warundi, na lugha wanayoweza kutaniana nayo ni hii. Wakongo hucheka usanifu wake, naye hucheka viambishi vyao. Aliyekuwa akiwaita wenzake sijui, huko huchukuliwa kuwa Mkenya.

Yule mwenyeji wa Liboi je? Kwake udhamini wa wakimbizi haukuwapo. Chuo kikuu cha kwanza cha eneo lake kilianzishwa Garissa mwaka 2011, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa humo. Kilifunguliwa tena mwaka 2016. Walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya ufundishaji wa Kiswahili, waliondoka kwa mawimbi baada ya mashambulizi ya 2014, 2018 na 2020.

Yako na mambo yasiyotoka katika bunduki. Wakati wa njaa familia nyingi za raia ziliandikisha watoto kambini ili wapate mgao. Miaka ikapita, mtoto akafikisha 18, akaenda kuomba kitambulisho, na alama za vidole vyake zikamjibu kwamba yeye ni mkimbizi. Bila kitambulisho hapati mkopo wa chuo wala pasipoti. Na kwa kuwa kwa kweli ni Mkenya, hakustahili udhamini wa Kanada pia. Mchujo wa pekee waliotiwa Wasomali wa Kenya tangu 1989 uliendelea kwa namna mbalimbali hadi Februari 2025, Rais William Ruto alipotangaza Wajir kwamba umeondolewa katika utoaji wa vitambulisho. Tangazo hilo lilihusu mchujo. Daftari lenye alama za vidole ni daftari jingine.