Dai si fidia

Juzi nilipotaka kuhamia kampuni nyingine ya bima ya gari, wakala aliniambia nitalipa zaidi kwa kuwa rekodi yangu ina 'madai mawili'. Ala! Mimi nimewahi kulipwa mara moja tu. Nikaomba rekodi hiyo niisome mwenyewe.

Historia ya maneno ilinisaidia. 'Bima' ni neno la Kiajemi lililotufikia kupitia lugha za Wahindi. 'Dai' na 'fidia' yana asili ya Kiarabu. 'Dai' lina shina moja na 'daawa', yaani kesi. 'Fidia' ilikuwa mali ya kumkomboa mateka. Kwa hivyo, dai ni kauli ya anayeomba haki, haijathibitishwa bado. Ndiyo maana magazeti huandika 'inadaiwa'. Fidia ndiyo iliyotolewa.

Kumbe dai la pili nililiondoa mwenyewe! Gari lilikwaruzwa, nikamlipa fundi kutoka mfukoni. Karani hakuonyesha kuwa hakuna fidia iliyotolewa. Nililalamika kwa maandishi, rekodi ikarekebishwa, na bei ikashuka.

Msomaji, kabla ya kukata bima tena, itisha historia yako ya madai. Kagua tarehe, kiasi kilicholipwa na nani alikuwa na makosa.