Njia ya Maji: Historia ya Kabini ya Pikapu na Uvujaji Wake

Kabini ya pikapu, yaani chumba cha dereva kilicho mbele ya sehemu ya kupakia mizigo, haikuanza ikiwa chumba kilichofungwa. Mwezi Aprili 1925, kampuni ya Ford ya Marekani ilipoanza kuuza Model T yenye bodi ya mizigo iliyoundwa kiwandani, kwa bei ya dola 281, dereva alikaa chini ya turubai na mvua ilimfikia kutoka pande zote. Swali la mahali maji yanapopenyea lilizaliwa baadaye, kabini ilipozibwa kwa bati na vioo, na tangu wakati huo kila kizazi cha kabini kimekuwa na uvujaji wake. Fundi anayeinua kapeti lililolowa katika gari la miaka 40 hana budi kwanza kujua gari hilo liliunganishwaje, kwa kuwa maji hufuata maungio yaliyoachwa na kiwanda siku lilipotengenezwa.

Kabini za mwanzo zilizofungwa zilikuwa na fremu ya mbao iliyofunikwa kwa mabati, na katikati ya paa paliachwa uwazi uliozibwa kwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji, kwa sababu viwanda vya chuma havikuwa vikitoa bati pana la kutosha kutengeneza paa la kipande kimoja. Kitambaa hicho kilichakaa kwa jua, na mbao zilizokuwa chini yake zikanyonya unyevu hadi zikaoza. General Motors ilipoleta paa la chuma la kipande kimoja katika magari yake ya mwaka 1935, mlango huo mkubwa wa maji ulianza kufungwa, lakini maji hayakukoma, bali yalihamia pembeni, mahali ambapo bati la paa hukutana na bati la ubavuni.

Pembeni hapo ndipo ulipo mfereji wa paa, ule ukingo mwembamba unaopita juu ya milango kuzuia matone yasimwangukie anayeshuka. Mabati mawili hukunjwa, hulazwa pamoja, huchomelewa kwa nukta zilizoachana, na nafasi iliyobaki kati ya nukta na nukta hujazwa utomvu mzito wa kuziba. Utomvu huo ukikauka hupasuka nyufa nyembamba kama unywele, na maji yanayosimama katika mfereji huingia ndani ya nguzo ya kabini, hushuka yasionekane, kisha hutokea sakafuni karibu na miguu ya dereva. Wenye magari wengi hulaumu mlango, ilhali mlango hauna kosa.

Sehemu ya pili, na pengine yenye historia ndefu zaidi, ni kioo cha mbele. Tangu Charles Goodyear alipopata hataza mwaka 1844 ya kupika mpira pamoja na salfa ili usilainike kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, ilichukua karibu karne nzima mpira huo kuwa kishikio cha kawaida cha vioo vya magari. Mpira wa kioo una mifereji miwili, mmoja unaokumbatia kioo na mwingine unaokumbatia ukingo wa bati. Fundi huuvalisha kioo kwanza, kisha hupitisha kamba katika mfereji wa nje kuuzunguka wote. Mwenzake anaposukuma kioo kutoka nje, yeye akiwa ndani huivuta kamba polepole, na mdomo wa mpira huruka ukingo wa bati kidogo kidogo hadi kioo kikae. Ni kazi ya subira, na kamba ikivutwa kwa pupa mdomo hujikunja mahali pamoja, na hapo ndipo maji yatakapopita miaka yote inayofuata. Mpira asilia hukakamaa kwa jua na hewa, na ingawa mpira wa viwandani unaostahimili jua ulianza kutumika katika miaka ya 1960, bati lililo chini yake liliendelea kushika kutu pasipo mtu kuliona. Nchini Marekani, kanuni ya usalama namba 212, iliyoanza kutumika mwaka 1970 ikitaka kioo kisitoke katika mgongano, ilichangia kuwasukuma watengenezaji kukigandisha kioo kwa gundi moja kwa moja kwenye bati.

Land Rover, iliyozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, inastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa ilijengwa wakati Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo baada ya vita, na hivyo bodi yake ikafanywa kwa mchanganyiko wa alumini. Paa, fremu ya kioo na sehemu za juu za milango zilifungwa kwa bolti, zikiwa na vipande vya mpira katikati, ili ziweze kufunguliwa. Gari linalofunguka hivyo lina maungio mengi kuliko lililochomelewa, na chini ya kioo chake yapo matundu mawili ya hewa yenye vifuniko, ambayo mpira wake ukichakaa humwaga maji miguuni. Zaidi ya hayo, alumini ikigusana na chuma penye unyevu huliwa upesi, jambo linalopanua upenyo mwaka hadi mwaka.

Katika Afrika Mashariki, ambako Land Rover hizo, Peugeot 504 na pikapu za Toyota zilifanya kazi katika barabara za udongo, vumbi limekuwa shahidi mzuri kuliko maji yenyewe. Penye upenyo wa maji hupita vumbi pia, na kiangazi huacha mchirizi mwekundu juu ya bati, nyuma ya dashibodi au chini ya kapeti, unaoelekeza moja kwa moja mahali pa kuziba kabla ya masika. Pasipo mchirizi, utaratibu wa zamani ni kukausha kabini kabisa, kupaka unga wa chaki kwenye maungio ya ndani, kisha kumwaga maji taratibu kwa bomba kuanzia chini kwenda juu, sehemu moja kwa wakati, huku mtu wa pili akiwa ndani na tochi. Anayeanzia juu hulowesha kila kitu na hajui tena tone lilianzia wapi. Vilevile huonjwa kwa pua: maji yenye harufu tamu hayatoki mawinguni, bali katika kipasha joto cha kabini.

Silikoni inayopakwa juu ya mpira mkuukuu, desturi iliyoenea katika gereji nyingi, hudhuru zaidi ya kuponya, kwa sababu huyafungia maji yaliyokwisha kuingia na kuliozesha bati kutoka ndani. Elimu hii haijapitwa na wakati: Land Cruiser ya kubeba mizigo inayounganishwa Miritini, Mombasa, bado ina mfereji juu ya milango yake.