Misheni na Wanyonge wa Mji wa Unguja, 1864–1926

Tunapowafundisha vijana wetu habari za wamisionari wa karne ya kumi na tisa, mara nyingi tunafuata mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza huwasifu wamisionari kama waokozi, na Mwafrika huonekana humo akiwa amenyosha mikono tu, akisubiri kupewa. Njia ya pili huwaita watangulizi wa ukoloni, na hapo hesabu hufungwa. Njia hizi mbili, ingawa zinapingana, zina kasoro moja: zote humsahau yule mnyonge ambaye habari yenyewe ni yake. Katika insha hii tunakusudia kuuchukua mji mmoja, yaani mji wa Unguja, na misheni moja, ile iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, au UMCA kwa kifupi, tutazame ni nani hasa waliokutana hapo na nini kilizaliwa kutokana na kukutana kwao.

Chanzo cha misheni hiyo ni hotuba aliyoitoa David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwezi Desemba 1857, alipowataka vijana wa Uingereza waje Afrika kueneza dini na biashara. Vyuo vikuu viliitikia wito huo, na mwaka 1861 kundi la kwanza, likiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, lilifika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi. Jaribio hilo lilishindwa. Vita vya biashara ya watumwa, njaa na homa viliwamaliza, na Mackenzie mwenyewe alifariki Januari 1862. Askofu aliyemfuata, William Tozer, aliona kwamba haifai kupeleka watu bara kufa kabla hawajajua lugha wala tabia za nchi. Ndipo akaamua kurudi nyuma na kuanza upya pwani. Mwezi Agosti 1864 Tozer na rafiki yake Dr. Edward Steere walifika Unguja.

Hawakuwa wa kwanza. Mapadre Wakatoliki kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na masista, walikuwa wamefika tangu Desemba 1860, wakafungua hospitali na karakana za kufundishia ufundi. Mwaka 1868 wenzao wa shirika la Roho Mtakatifu walianzisha makazi ya waliokombolewa huko Bagamoyo. Lakini tuifuate hadithi ya UMCA, kwa kuwa ndani yake limo jambo linaloigusa sana lugha yetu ya taifa.

Mji wa Unguja wa wakati huo ulikuwa mji wa utajiri mkubwa na umaskini mkubwa. Karafuu na pembe za ndovu ziliwatajirisha wenye mashamba na wafanyabiashara wa mataifa mengi. Utajiri huo uliegemea migongo ya watumwa waliochukuliwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, Ruvuma na kwingineko bara, wakauzwa katika soko la Mkunazini. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliupiga mji huo na kuua maelfu ya watu. Aprili 1872 tufani iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Maafa kama hayo humwumiza kila mtu, lakini yule asiye na ndugu, shamba wala jina ndiye huanguka wa kwanza.

Miongoni mwa watu wa namna hiyo ndipo Tozer na Steere walipopata wanafunzi wao wa kwanza. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa lililokamatwa. Wakapelekwa katika nyumba ya misheni iliyokuwa Shangani. Mwaka uliofuata dada yake Tozer, Helen, alifika kuwalea wasichana. Kisha wavulana wakajengewa chuo huko Kiungani, kusini ya mji, na mwaka 1871 misheni ikanunua shamba la Mbweni, ambako baadaye waliwekwa watu wazima waliokombolewa na ikajengwa shule ya wasichana.

Hapa tunamwomba msomaji atulie kidogo alitafakari jambo hili. Tumezoea kusema kwamba wamisionari walikuwa wageni katika mji wa Unguja. Ni kweli. Lakini wale watoto watano nao walikuwa wageni vilevile. Hawakuzaliwa mjini, walitoka katika makabila mbalimbali ya bara, na huenda hata wao kwa wao hawakuweza kusemezana vizuri. Mwalimu alikuwa mgeni kwa hiari yake, na mwanafunzi alikuwa mgeni kwa kutekwa. Tofauti hiyo ni kubwa mno wala haifai kufichwa, kwani mmoja aliweza kupanda meli na kurudi kwao, na mwingine kwao kulikuwa kumekwisha chomwa moto. Hata hivyo wote wawili walilazimika kufanya jambo moja ili waweze kuishi pamoja: kujifunza Kiswahili.

Steere aliishika kazi hiyo kwa bidii. Walimu wake walikuwa wenyeji wa mji, wengi wao Waislamu, waliomfundisha maana za maneno na kumsimulia hadithi za jioni. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kiswahili cha Unguja, na mwaka huohuo mkusanyo wa hadithi za Waswahili. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na vijana waliokombolewa ndio waliojifunza kupanga herufi na kuchapa karatasi. Kwa hiyo tunapovisifu vitabu hivyo kwa jina la Steere, hatuna budi kuwataja pia msimulizi wa mjini aliyetoa maneno, na kijana aliyekuwa jana mtumwa, ambaye leo alikuwa na wino mikononi.

Mwaka 1873 mambo yalibadilika. Chini ya shinikizo la Uingereza, lililoungwa mkono na tishio la manowari, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni wa kufunga masoko ya watumwa na kukomesha usafirishaji wao baharini. Misheni ikapata uwanja palipokuwa soko la Mkunazini, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Steere, aliyekuwa askofu tangu 1874, alisimamia ujenzi yeye mwenyewe. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na paa lake la kuba likafanywa kwa matumbawe yaliyochanganywa na saruji. Wengi hawakuamini kwamba paa la namna hiyo lingesimama. Steere alifariki Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Kanisa hilo bado limesimama hata leo.

Lakini tusidanganyike na uzuri wa jengo. Mkataba wa 1873 haukuufuta utumwa wenyewe. Ilichukua hadi mwaka 1897 ndipo sheria ya Unguja ilipoacha kuitambua haki ya bwana juu ya mtumwa, na masuria walingoja mpaka 1909. Katika miaka yote hiyo, mtu angeweza kusali katika uwanja wa soko lililofungwa, kisha akatoka nje akakutana barabarani na watumwa wakibeba mizigo ya mabwana zao.

Tuyatazame sasa maisha yenyewe ya misheni. Wamisionari wa UMCA hawakulipwa mshahara; walipewa chakula, malazi na posho ndogo, na walitazamiwa kuishi bila kuoa au kuolewa maadamu wamo katika utumishi huo. Wengi walikufa mapema kwa homa. Mmoja aliyedumu ni Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaiongoza shule ya wasichana ya Mbweni kwa miaka mingi, na hata alipostaafu hakurudi kwao Uingereza. Alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Ni vigumu kumwita mtu wa namna hiyo mpita njia.

Pamoja na hayo, wema unaweza kuwa na ukuta wake. Waliokombolewa waliokaa Mbweni walipewa nyumba na kazi, lakini ardhi ilikuwa ya misheni, na kanuni za makazi zilitungwa na misheni. Mtu aliyetoka kwa bwana mmoja alijikuta chini ya ulezi wa mwingine, ambaye kwa hakika alikuwa mpole zaidi, lakini bado alikuwa mwenye kuamua. Wengine walipewa majina mapya. Baadhi yao walichoka, wakaenda mjini kutafuta ujira au wakajiunga na misafara ya bara. Wamisionari waliona jambo hilo kuwa ni utovu wa shukrani. Sisi tunaliona kwa jicho jingine: mtu aliyenyimwa hiari kwa miaka mingi, mara apatapo nafasi huijaribu hiari hiyo, hata kama itamgharimu chakula chake. Uhuru wa kupewa haujawa uhuru kamili mpaka mwenye kupewa aweze kusema hapana.

Na wapo waliosema ndiyo kwa namna yao wenyewe. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la waliokombolewa kuelekea bara, kwa nia ya kuwarudisha katika nchi za Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri yenye maji, wakataka kukaa papo hapo. Askofu akakubali. Hivyo mji wa Masasi, unaojulikana leo kwa shule na walimu wake, una deni kwa uamuzi wa watu waliowahi kuuzwa kama bidhaa. Mwaka 1882 makazi hayo yalishambuliwa na kuchomwa na Wagwangwara, lakini hayakufutika.

Mfano mwingine ni Cecil Majaliwa. Alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasoma Kiungani na kisha Canterbury, Uingereza. Mwaka 1886 alikwenda Chitangali, katika nchi ya Wayao, akawa mwalimu na mhubiri huko, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupata upadre katika UMCA. Kazi yake haikutegemea Mzungu wa kumwangalia kila siku. Yeye na mkewe Lucy walikaa na watu, wakasema nao, wakaaminiwa. Hata hivyo ilipasa kungoja mpaka 1970 ndipo Kanisa la Kianglikana la Tanzania lilipopata askofu mkuu wake wa kwanza, John Sepeku, mwana wa nchi hii. Kutoka 1890 mpaka 1970 ni miaka 80. Uwezo ulikuwapo tangu mapema. Kilichochelewa ni kuaminiwa.

Ushahidi wa uwezo huo haumo katika maneno yetu tu. Mwaka 1887 Arthur Madan, mmoja wa wamisionari, alitoa kitabu cha masimulizi ya wavulana wa Kiungani, waliyoyatunga kwa Kiswahili kuhusu kutekwa kwao, safari yao na kukombolewa kwao. Mwaka 1888 chuo hicho kilianza kutoa gazeti la *Msimulizi*, lililowaunganisha wanafunzi na wenzao waliotumwa vituo vya mbali. Mtoto aliyefika Shangani akiwa hana jina la kuandikwa daftarini, sasa alikuwa mwandishi wa habari zake mwenyewe. Na lugha aliyoandikia haikuwa ya mwalimu wake, wala haikuwa ya mama yake. Ilikuwa lugha ya mji uliompokea akiwa mtumwa, naye akaichukua mpaka Ruvuma na Nyasa akiwa mwalimu. Mwaka 1928 wajumbe waliokutana Mombasa walipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, vitabu na walimu waliotoka Kiungani walikuwa wamekwisha kuisafisha njia hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Tumtaje mmoja wa mwisho. Frank Weston, askofu wa Unguja tangu 1908 hadi alipofariki 1924, alipinga hadharani kazi za kulazimishwa walizofanyishwa Waafrika katika Kenya, akaandika kijitabu juu yake mwaka 1920. Mwaka 1923, akihutubia mkutano mkubwa jijini London, aliwaambia Wakristo wenzake kwamba ibada yao ya kanisani ni bure ikiwa hawamwoni Kristo katika vibanda vya maskini wa mijini mwao. Tazama jinsi safari ilivyogeuka. Waliotoka Uingereza kuja kuwafundisha maskini wa Unguja, mmoja wao alirudi na funzo kwa matajiri wa Uingereza.

Basi tuseme nini? Hatusemi kwamba misheni haikuwa na uhusiano na dola ya Kiingereza. Manowari za 1873 zinatukataza. Wala hatusemi kwamba Bibi Thackeray na wenzake walikuwa mawakala tu. Kaburi la mtu aliyekataa kurudi kwao linatukataza. Tunachowaomba walimu ni kuwafundisha vijana kuuliza, mbele ya kila habari ya wema na kila habari ya dhuluma: Mnyonge mwenyewe alifanya nini? Alichagua nini alipopata nafasi ya kuchagua? Mwanafunzi atakayefika Mkunazini alitazame lile paa la kuba kwa heshima, lakini pia akumbuke mikono iliyoponda matumbawe, na midomo iliyoikopa lugha ya mji ule na kuirudisha kwetu ikiwa lugha ya taifa.