Shada la Asumini

Wahenga walisema kwamba chema hakidumu. Msomaji, ukitaka kuuona ukweli wa methali hiyo, litazame shada la asumini. Usiku huwa jeupe mfano wa lulu, na harufu yake huenea nyumba nzima. Asubuhi huwa limenyauka na kugeuka rangi. Hata hivyo, pambo hili lisiloishi zaidi ya usiku mmoja limeishi katika pwani ya Kenya kwa zaidi ya miaka 150. Je, kitu dhaifu namna hii kimewezaje kudumu?

Kwanza na tujue jinsi lilivyo. Matumba ya asumini huchumwa jioni, kabla hayajachanua, yakatungwa moja moja kwa sindano na uzi. Yakiisha kuvaliwa ndipo yanapofunguka na kutoa harufu. Shada refu huzungushwa juu ya nywele za bibi arusi kama taji. Fupi hufungwa katika nywele zilizosukwa. Ndugu yake ni kikuba: mrehani, asumini na mkadi hukusanywa, hunyunyizwa marashi, hufungwa pamoja, kisha huvaliwa kifuani. Kazi hii ni ya wanawake, na bibi humfunza mjukuu wake pasipo kitabu wala ubao.

Pili, yasikilize majina ya maua yenyewe, kwa maana majina nayo ni historia. Neno asumini lilitoka kwa Waajemi. Waridi na rehani yalitoka kwa Waarabu. Langilangi lilitoka mbali zaidi, katika visiwa vya Ufilipino. Mkadi wa pwani yetu, kwa upande wake, huota wenyewe karibu na bahari. Wazee wetu waliwapokea wageni hawa waliovuka maji, wakawatunga pamoja na wenyeji, wakapata pambo lililo lao. Mtu akikuambia kwamba utamaduni wa pwani ni wa kuazima, mwonyeshe kikuba. Mshonaji hufuma kitambaa chake mwenyewe? La, lakini vazi huitwa kazi yake.

Tatu, tunao ushahidi wa maandishi. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siu katika kisiwa cha Pate, alitunga utenzi wa kumwusia binti yake. Alikuwa mgonjwa, na alijua kwamba siku zake si nyingi. Katika mambo mazito ya dini, adabu na ndoa, hakusahau kumwambia mwanawe atunge asumini. Fikiri, msomaji: mama aliyekaribia kufa aliona kwamba maua yanastahili kutajwa katika wosia wake.

Mji wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba zake za mawe zina sheria za kuzilinda. Mwaka 2003 ukafanywa mkataba wa kulinda urithi usioshikika, yaani ujuzi na desturi, na Kenya iliuridhia mwaka 2007. Hayo ni mema, lakini hakuna mkataba uwezao kutunga ua. Ukuta ukipasuka, fundi huutengeneza. Mkono uliosahau kutunga hautengenezwi kwa chokaa. Maua ya plastiki yapo madukani, nayo hayanyauki. Lakini hayana harufu, wala hayahitaji bibi wa kuyafundisha.

Sasa jibu la swali letu li wazi. Shada limedumu kwa sababu hunyauka. Kwa kuwa la jana halifai leo, kila arusi ilihitaji mikono mipya, na kila mikono mipya ilihitaji mwalimu. Siku mwanafunzi atakapokosekana, urithi huu utakwisha kimya kimya, wala hapatakuwa na gofu la kutuonyesha mahali uliposimama.

Basi, kijana, uwe wa pwani au wa bara, nyumbani kwenu pana ujuzi unaokaa mikononi mwa wazee. Ketini nao mjifunze wakingali hai. Mwacha mila ni mtumwa.