Kalambo, tulipokuwa bado Rukwa
Kabla ya Katavi kutengwa na Rukwa mwaka 2012, sisi wa Mpanda tuliyaita Maporomoko ya Kalambo ya kwetu. Bado nawapeleka wanangu, kupitia Sumbawanga. Mteremko wa kijiji cha Kapozwa unawachosha wazazi kuliko watoto. Kila mtu hutazama maji yanayoanguka zaidi ya mita 200, mpakani na Zambia. Mimi huwaonyesha kule juu, ng'ambo. Mwanaakiolojia Desmond Clark alichimba huko miaka ya 1950, na mwaka 2019 yakafukuliwa magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, yenye umri wa miaka 476,000 hivi. Tope lenye maji liliyazuia yasioze.

“Walichonga kwa shoka gani, baba?”

La jiwe, mama. Na watu kama sisi walikuwa hawajatokea bado.